Bundi Uliyemwita kwa Simu

Kendi,

Umeenda kwa shosho, nyanya yako, kuagana, na kwa jinsi ninavyomjua shosho, hatakuachilia mpaka umalize sahani ya pili. Baba yako amesinzia kitini mbele ya taarifa ya habari. Mimi niko mezani jikoni na karatasi, kwa sababu kuna mambo ambayo nikiyasema kwa mdomo nitayasema kwa sauti ya darasani, nawe utaniitikia "sawa, Mama" kwa ile sauti yako ya kufunga mlango.

Sitakuandikia kuhusu sweta. Unazo. Wala sitakuandikia kuhusu kula, kwani Kibugu unakokwenda kufanya kazi ni kwa watu, na watu hupika. Unajua kwamba nimewaandikia wahariri wa magazeti barua nyingi maishani mwangu, kuhusu karo, kuhusu barabara zinazobebwa na mvua, kuhusu wachungaji wanaobadilisha magari kila baada ya harambee, na zile zilizochapishwa zilitoka zimeng'olewa meno. Hii haina mhariri. Ivumilie ilivyo.

Nataka kukuandikia kuhusu kushuku. Umelelewa na mama anayeshuku. Nilishuku mizani ya wanunuzi wa viazi, nikawa sahihi. Nilishuku kamati ya bursari, ile ya kugawa fedha za karo, nikawa sahihi tena, na mpaka leo hawajanisamehe. Nimesoma historia nyingi, na karibu kila ukurasa una mtu aliyeamini maneno matamu ya mgeni mwenye karatasi ya kutia sahihi. Kwa hiyo siombi msamaha kwa kukulea hivyo. Lakini baridi ya mwaka huu imenivuruga, na nadhani ni haki yako kuondoka ukijua imenivuruga wapi.

Wewe umezaliwa Timau, kwenye ngano na upepo. Mimi nilizaliwa Gachoka, chini huko kwenye joto, ambako ndege ni mwizi. Uwele ulipoanza kushika punje, sisi watoto tulitolewa nyumbani kabla jua halijachomoza, tukapandishwa kwenye ulingo katikati ya shamba, tukapewa makombeo na madonge ya udongo uliokaushwa. Kwelea walikuja kama moshi. Ukiwaachia asubuhi moja, mwaka huo mnakula unga wa msaada. Nilikuwa na shabaha. Mama yangu alinisifu kwa mambo machache sana, na hilo lilikuwa mojawapo. Alikuwa akisimama chini ya ulingo, mikono kiunoni, anawaambia majirani: "Huyu msichana akirusha, kuna mtu atalala njaa." Alimaanisha ndege. Aliwaita watu, lakini hakuwaita kwa upendo.

Ndiyo maana uliporudi kutoka sekondari na darubini ya mtumba shingoni, ukaniambia kwamba Jumamosi unaenda kutazama ndege, nilikuuliza swali ambalo mtu yeyote wa Gachoka angeuliza: "Wanakula shamba la nani?" Ukacheka mpaka ukakaa chini. Sikuwa nafanya mzaha.

Miaka ya kwanza nilidhani ni jambo litakalopita, kama ule msimu wako wa kukataa nyama. Halikupita. Ulianza na wale wa shambani, ukahamia wale wa kando ya mto, kisha ukaanza kuwatafuta wale ambao hata vitabu vinasema ni wachache. Na mwaka huu, mwezi wa saba, mlima ukiwa umejifunika wiki nzima na jalidi imelala juu ya majani ya viazi hata baba yako, fundi wa trekta asiyelalamika, alilalamika, wewe ulikuwa unaamka gizani, unavaa gambuti zake za mpira na mavin mbili za sufu kichwani, moja juu ya nyingine, unatoka.

Nitakuambia nilichofikiri. Msichana wa umri wako anayetoka kwa hiari yake kwenye baridi ya Timau hatafuti ndege. Nilifikiri hivyo kwa uhakika kabisa. Nilikuwa nimeshampata hata mwenyewe: yule kijana wa trekta za ngano mwenye meno mazuri, anayenisalimia kwa heshima iliyozidi. Heshima inayozidi huwa naishuku.

Kwa hiyo nikakufuata. Uliona kama nilikutokea kwa bahati, lakini nilikuwa nimekufuata tangu langoni, nikiinama kando ya ua wa ngano na leso kichwani kama mwizi wa kuku. Ulipita shamba la jirani zetu kina Kinoti kwa ile njia ya kuelekea korongoni, ukatoweka nyuma ya mwamba. Nikangoja nisikie sauti ya pili. Sikusikia. Nilipopanda nikakukuta umelala kifudifudi juu ya jiwe lililolowa, viwiko chini, darubini machoni, makamasi yanatiririka.

"Mama, lala chini," ukasema bila kugeuka.

"Yuko wapi?"

"Pale ng'ambo. Chini ya ule mwamba wenye madoa meupe."

"Nauliza mvulana yuko wapi."

Ukageuka sasa. "Mvulana gani?"

"Usinizungushe, Kendi."

"Mama. Nanuka gambuti za Baba. Nina kikohozi. Nimekaa hapa tangu giza. Ni mvulana gani huyo atakayekuja hapa?" Kisha ukanisogezea darubini. "Lala chini, utamtisha."

Nikalala. Mwanamke wa umri wangu, mwalimu wa historia, juu ya jiwe lililolowa. Na kwenye kivuli cha ule mwamba nikamwona bundi mkubwa kuliko nilivyojua bundi anaweza kuwa, na masikio yale ya manyoya, na macho ya rangi ya chungwa yaliyonitazama moja kwa moja kama mkaguzi wa shule aliyeingia bila kubisha. Sijawahi kutazamwa hivyo. Nilihisi kwamba mimi ndiye ninayeshukiwa, na kwamba ana sababu.

Ukaninong'oneza kwamba ni wa mlimani, kwamba wako wachache, kwamba ulikuwa unamtafuta tangu baridi ya mwaka uliopita, na kwamba nisimwambie mtu mahali alipo. Siri hiyo niliitunza. Sikumwambia hata baba yako. Wewe mwenyewe ndiwe uliyeitoa, na uliitoa kwa kusema ukweli, jambo ambalo nilikufundisha mimi.

Jioni ile ulitaka kujua kama kuna wengine upande wa juu wa korongo. Upande huo ndiko liliko boma la Mzee Mbaabu, baba yake Kinoti. Ulikuwa na mlio wa bundi kwenye simu, na kile kispika cha buluu unachokitumia kujifunzia nyimbo za kwaya. Ulinieleza baadaye kwamba watazamaji wa ndege hufanya hivyo kila mahali: wanacheza sauti, ndege anadhani mgeni ameingia kwake, anajibu, nao wanajua yupo. Nakubali kwamba wanafanya hivyo kila mahali. Aliyewafundisha hajawahi kuishi Meru. Hakuna aliyemwambia kwamba hapa bundi akilia karibu na nyumba yenye mgonjwa, watu wa nyumba hiyo wanaanza kuulizana nani ana viti vya kuazima kwa matanga.

Na Mzee Mbaabu alikuwa mgonjwa tangu mvua ndefu. Ulijua. Ulikuwa umempelekea maziwa mwenyewe. Lakini kichwani mwako mgonjwa alikuwa kwenye chumba kimoja na bundi kwenye kingine, na ukuta wa kati niliujenga mimi, kwa vitabu na kelele zangu zote dhidi ya ushirikina. Hukuwahi kufikiri kwamba kuna watu wanaoishi katika nyumba isiyo na ukuta huo.

Kinoti akatoka na tochi.

"Ni nani huko?"

"Ni mimi, Kendi wa Mwalimu."

"Unafanya nini?"

"Naita bundi."

Ulinisimulia hayo ukicheka, ukivua gambuti. Mimi nilikuwa namenya viazi, nikaacha. Hukuona ubaya wa maneno yale mawili. Nami niliuona na sikusema kitu, kwa sababu kusema kungekuwa kukubali kwamba watu wazima katika karne hii wanaweza kuamini upuuzi kama huo. Nikaendelea kumenya.

Mzee Mbaabu alifariki wiki hiyohiyo.

Unajua yaliyofuata, lakini hujui yote, kwa sababu nilikuwa nakuficha simu yangu. Kwenye kundi la WhatsApp la majirani alianza mtu mmoja kwa sauti ya upole, ile ya watu wanaotaka kuchoma nyumba na kuombea mwenye nyumba: "Tuwaombee watoto wetu, kuna wengine wanaita vitu ambavyo hawavijui." Mwingine akasema kwamba mayai ya bundi yananunuliwa na watu wa nje, na kwamba ndiyo maana kuna wasichana wanaoonekana korongoni asubuhi. Wa tatu akauliza hiyo darubini umeitoa wapi. Mzee wa nyumba kumi akanipigia, akazunguka sana kwenye hali ya hewa, halafu akaniuliza kama una shida yoyote nyumbani. Nikamwambia shida yangu ni majirani. Nilifurahia jibu hilo kwa muda wa kukata simu.

Kisha nikaenda matangani.

Nilibeba sukari na majani ya chai kama watu wengine. Watu walikuwa wamekaa kwenye viti chini ya turubai, wanapanga mazishi. Nilikuwa nimejiambia nitakaa kimya. Lakini mama mmoja wa kanisani, sitamtaja, akasali akiomba Mungu afunge midomo ya "ndege wa giza na wanaowatuma." Nikasimama. Nilieleza kwamba bundi hula panya na fuko, na kwamba mkulima wa viazi anapaswa kumwekea bundi kiti cha mbele. Nilieleza kwamba figo za Mzee zilikuwa zimechoka na daktari aliwaambia hivyo watoto wake. Nikaenda mpaka Ulaya ya kale, walikowachoma wanawake wazee kama wachawi kwa ajili ya paka. Yote niliyosema yalikuwa kweli. Niliyapanga vizuri. Ningekuwa natahini insha ile, ningeipa alama za juu.

Kinoti akangoja nimalize. Hakupandisha sauti.

"Mwalimu, asante kwa somo," akasema. "Lakini baba yangu bado yuko mochari. Ungetungojea tumzike kwanza, ndio tufanye mtihani."

Watu wakacheka. Kwenye matanga, Kendi, walicheka, na si kwa ubaya. Walicheka kama watu waliokuwa wanahitaji mahali pa kuweka pumzi. Mama Kinoti, mjane mwenyewe, hakucheka. Alikuwa anatazama kikombe chake. Nami nikaketi nikiwa nimeshinda hoja yote na sina mtu hata mmoja upande wangu.

Nimekuwa nikishinda hivyo tangu ujana. Hili ndilo nataka ulisome polepole. Nilidhani kazi ya mtu mwenye kusoma ni kuwaonyesha wengine walikokosea, na kwamba wakikasirika ni dalili kwamba nimegusa penyewe. Mara nyingi ilikuwa kweli. Kamati ya bursari ilikasirika kwa sababu niligusa penyewe. Lakini kuna hasira nyingine, ya mtu ambaye amefiwa na unamsahihisha, na kwa masikio yangu hasira hizo mbili zilikuwa na mlio mmoja. Wewe unaweza kutofautisha ndege wawili walio sawa kwa rangi kwa kusikia jinsi wanavyomaliza wimbo. Mimi sikuweza kutofautisha hilo.

Na bei hiyo sikuilipa mimi. Mimi bado ni Mwalimu. Watoto wao wanahitaji alama. Uliyelipa ni wewe. Kwaya ikakuambia kwamba sauti ya pili imejaa. Kinoti akaweka seng'enge kwenye ile njia, na hakuna njia nyingine ya kufika korongoni wala ya mkato kwenda barabarani. Vijana wakaanza kurusha mawe chini ya miamba, wakibahatisha, nawe ukaacha kabisa kwenda, ili wasikufuate wakajua mahali. Baridi nzima uliyoingoja mwaka mzima ukaimalizia ndani, unasafisha lenzi za darubini ambazo hazikuwa chafu.

Jioni moja nikakuambia tena kwamba wale watu ni wajinga. Ulikuwa unaosha vyombo. Ukasema, bila hasira: "Ulishinda, Mama. Kila kitu ulichosema ni kweli. Sasa mimi nikirudi hapa siku moja, nitapita njia gani?"

Nikachukua kitambaa, nikakausha sahani ulizokuwa umeosha.

Ilipokuja ile nafasi ya Kibugu, ya kuongoza wageni msituni na kuhesabu ndege pembezoni mwa mashamba ya chai, nilijua unaikubali kwa sababu mbili, na moja tu ndiyo uliyoitaja. Uliniambia kuhusu yule kwenzi mweusi mwenye tumbo jeupe ambaye ni adimu na anaonekana huko asubuhi za ukungu. Hukuniambia kuhusu seng'enge. Hukuhitaji.

Bila shaka nilimshuku mwenyeji wako pia. Utaniambia Mzee Njeru ni mtu wa heshima, mstaafu wa idara ya misitu, mzee wa kanisa. Ndiyo hasa niliyoyashuku. Nilimpigia ukiwa umelala mchana, naye hakukuambia, na kwa hilo nimempa alama moja.

"Atalala wapi?" nikamwuliza.

"Kuna chumba nyuma, Mama Kendi, karibu na cha binti zangu."

"Mlango unafungwa kutoka upande gani?"

"Mama, sisi ni ndege tu tunatazama."

"Hata mimi nimetazama ndege. Niambie kuhusu mlango."

Nikamsikia akimwambia mtu kwa Kiembu, na simu ikapokelewa na mke wake, ambaye bila kunisalimia akasema: "Komeo liko ndani. Na mimi ndiye nalala chumba cha kati, na sipati usingizi. Umeridhika?" Nikaridhika. Mwanamke huyo mheshimu. Anashuku kama mimi, ila hutumia maneno machache.

Wageni watakuja na darubini nzito na viatu visivyopitisha maji. Wengi watakuwa watu wazuri. Lakini mtu anayekuuliza jina la ndege kabla hajakuuliza jina lako, mwangalie vizuri. Anayetaka kuonyeshwa kiota, mwonyeshe ndege akiwa angani. Na atakayekusifu kwamba wewe si kama wenzako wa kijijini, kwamba wewe unaelewa, huyo mwogope kuliko wote, kwa sababu nimewahi kusifiwa hivyo, na utamu wake ulinifanya niwaone watu wangu mwenyewe kama darasa la watoto wazito. Kuna watu wanaowapenda ndege kwa sababu ndege hawawajibu. Usiwe mmoja wao. Wanawake watakaokuwa wakichuma chai kando ya msitu huo hawajakuchagua uende kwao. Wakati unatazama juu, wao watakuwa wanakutazama wewe, na wana haki.

Na kabla hujacheza sauti yoyote kwenye simu, uliza nyumba iliyo karibu ni ya nani na ndani yake kuna nani anayeumwa. Sikwambii uamini wanachoamini. Nakwambia uulize.

Sasa la leo. Nimekuwa nikilizunguka.

Ulipokuwa umeenda mjini Timau kununua betri, Mama Kinoti alikuja. Alikuja peke yake, na ile leso nyeusi, akakaa kwenye kiti hiki ninachokalia. Hajafika hapa tangu matanga. Nikamwekea chai. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote. Nilikuwa na hoja zimejipanga mstari kama watoto wa gwaride.

"Mwalimu," akasema, "unayo hiyo sauti?"

"Sauti gani, Mama Kinoti?"

"Ya simu. Ile mtoto alikuwa anaita nayo."

Nilikuwa nayo. Ulinitumia mwezi wa saba ukitaka niisikie. Lakini nilichofanya kwanza ni kwenda dirishani. Nilidhani Kinoti yuko nyuma ya ua na mzee wa nyumba kumi, wanangoja bundi alie kutoka nyumbani kwangu ili wapate ushahidi.

"Niko peke yangu," akasema. "Lakini angalia tu vizuri, kama utatulia."

Nikaangalia vizuri. Halafu nikaona aibu, nikaicheza sauti, chini kabisa.

"Ongeza. Masikio yangu si ya msichana."

Nikaongeza. Akafumba macho. Ule mlio mzito ukajaa jikoni, mmoja mrefu na mmoja mfupi, kisha kimya, kisha tena. Akataka kuusikia mara nyingine. Akaweka kikombe chini.

"Si huyu."

"Si huyu nini?"

"Si huyu nilisikia usiku ule. Huyu analia kama ng'ombe amefungiwa mbali. Yule wetu alikuwa juu ya paa la jikoni, karibu kabisa, na alilia hivi." Akainua kidevu, akauiga. Ulikuwa mlio mwepesi, unapanda, unashuka, halafu unakatika katikati kama mtu aliyeanza kucheka akakumbuka yuko kanisani. "Mzee ndiye alisikia kwanza. Akaniambia, haya, huyo mgeni wangu amefika, mwekee kiti. Alikuwa anacheka, Mwalimu. Unajua alivyokuwa."

Nilijua alivyokuwa.

"Kwa hivyo alikuja mwenyewe," akasema. "Hakuna mtoto alimwita. Jumapili nitasimama kanisani niseme hivyo. Kinoti nimeshamwambia. Seng'enge ametoa asubuhi."

Unajua, Kendi, nilichokuwa nacho mdomoni. Unanijua kuliko mtu yeyote. Kwamba hakuna bundi anayekuja kwa ajili ya mtu. Kwamba anachukua hatia kutoka kwako na kumtwika mnyama. Kwamba Jumapili kanisa zima litatoka likiamini jambo lilelile lililokuumiza, tena kwa nguvu zaidi, ila tu jina lako halimo. Kila nilichokipigania tangu niwe na kalamu kilikuwa kinauzwa pale mezani, na bei yake ilikuwa wewe kupata njia ya kurudi nyumbani.

Alikuwa ananitazama. "Unataka kusema kitu, Mwalimu."

"Nataka kukuongezea chai," nikasema.

Akakubali kikombe cha pili. Tukaongea kuhusu viazi.

Alipoondoka nikabaki na shaka yangu, kwa sababu siwezi kuwa mtu mwingine. Mama Kinoti ameimba kwenye kwaya tangu kabla hujazaliwa. Anaweza kutunga mlio na kuupa mwisho. Anaweza pia kuwa alikuwa na mume mgonjwa kitandani, na bundi wa kweli juu ya paa, na sikio la kweli. Nilijaribu kuusoma uso wake alipokuwa anatoka, na sikuweza.

Wewe ungejua mara moja. Nikikuigia ule mlio kesho asubuhi, ungeniambia ni bundi gani, au ungeniambia hakuna bundi duniani anayelia hivyo. Nimefuatilia kila shaka ya maisha yangu mpaka kwenye mzizi wake, hata zile zilizonigharimu marafiki. Hii sitaifuatilia. Sitakuigia. Na ukija kumsikia huko kwenye ukungu wa Kibugu, ndege mwenye mlio unaokatika katikati, furahi, mwandike, usinipigie simu.

Asubuhi pita kwa njia ya kina Kinoti. Mama Kinoti atakuwa anakamua, na ameniambia ana chupa ya maziwa yako ya njiani. Atakusimulia habari za usiku ule tangu mwanzo. Simama na begi lako, msikilize mpaka amalize, hata kama gari linapiga honi.

Mama yako